Televisheni ya Bure na Bawasiri ya Mama Mkwe

Televisheni yetu ya zamani ilikufa siku ya mvua, baada ya radi kupiga nguzo ya umeme iliyo nyuma ya nyumba yetu hapa Shinyanga mjini. Haikulipuka wala kutoa moshi. Ilitoa mlio mmoja mdogo, kama mtu aliyemeza chai ya moto mbele ya wageni, ikanyamaza. Fundi aliifungua, akachungulia ndani, akaifunga tena taratibu na kusema tumshukuru Mungu kwa muda tuliokuwa nayo.

Mume wangu wakati huo alikuwa Nyarugusu. Huko yeye na wenzake wana duara, yaani shimo la kuchimba dhahabu, na duara hilo lilikuwa halijatema kitu kwa muda mrefu zaidi ya mawe na ahadi. Nilipompigia simu kumpa taarifa za msiba, aliniuliza hali ya hewa. Nikaelewa kwamba televisheni mpya haitatoka Nyarugusu.

Kwa hiyo dada mmoja aliyevaa fulana ya njano alipobisha hodi na kusema kampuni yao inagawa televisheni bure, sikumfukuza. Nilimkaribisha kivarandani, ninaposhonea nguo za watu, nikampa kiti.

"Bure ya kulipa kidogo kidogo?" nikamuuliza.

"Hapana, mama. Bure kabisa."

"Halafu mwisho wa mwezi mnakuja na polisi."

Alicheka kama mtu aliyekwisha kuulizwa hivyo katika kila nyumba ya mtaa. Akaniambia wanaolipa ni wenye matangazo. Televisheni ina vioo viwili: cha juu kikubwa, unatazama unachotaka, cha chini chembamba, kinapitisha matangazo tu, asubuhi mpaka usiku. Kile cha chini hakizimwi, hakifunikwi na kitambaa, na televisheni haigeuzwi kuelekea ukutani. Juu yake kuna jicho dogo la kuhesabu watazamaji, na pembeni kuna masikio ili uweze kuiagiza kwa sauti.

"Inasikia?"

"Ukiiita tu. Usipoiita, imelala."

Nilimwamini. Mtoto wa watu, kavaa vizuri, ananiita mama; sikuona sababu ya kumshuku. Akaanza kuniuliza maswali ili, kwa maneno yake, televisheni itufahamu. Tunaishi wangapi? Tunapikia mafuta gani? Nani ana kisukari, nani ana presha? Mume analala nyumbani au anasafiri? Hilo la mwisho hata mama yangu mzazi huniuliza kwa kuzunguka, lakini mimi nilijibu yote, maana jicho langu lilikuwa kwenye boksi lililokuwa limefungwa nyuma ya bajaji nje ya geti.

Televisheni ilikuwa kubwa hadi ikabidi tuhamishe kabati la vyombo. Majirani walikuja kuitazama, wengine wakiwa na watoto ambao sijui walikuwa wa nani. Ilichukua siku chache kuizoea. Juu watu wanalia msibani kwenye tamthilia, chini sabuni inatoa povu. Juu shehe anatoa mawaidha ya kufunga, chini kuku wa kukaanga anazunguka akimeremeta. Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi na anaishi nasi, alisema tumekaribisha mpangaji asiyejua kunyamaza.

Mama mkwe alitukuta katika hali hiyo. Alikuja kutoka kijijini kwake Samuye kwa ajili ya kutibiwa, akiwa na begi moja na ndoo ya karanga, akasema mgongo unamsumbua. Ni mama mrefu, mkulima, mjane, ambaye amefuga ng'ombe maisha yake yote na anapenda kuwaita watu kama anavyowaita ng'ombe, kwa mbali. Aliniheshimu na mimi nilimheshimu, lakini heshima yetu ilikuwa ya mezani: shikamoo mama, marahaba, umelala salama, nimelala. Tatizo lilikuwa lugha. Babu yangu alitoka Tanga na marobota ya nguo akafungua duka hapa, akaoa hapa, na bado katika nyumba yetu tukalelewa kwa Kiswahili kitupu, kama vile Kisukuma kingechafua zulia. Nilikuwa najua mwangaluka, mhola na wabeja, maneno ya kusalimia na kushukuru ambayo mgeni aliyeshuka stendi asubuhi anakuwa ameyajua kabla ya chakula cha mchana. Mwanaye aliposilimu ili anioe, mama hakusema kitu. Aliposikia kwamba sijui Kisukuma, alisema, "Hilo sasa ni gumu."

Televisheni aliipenda. Mtangazaji akisema habari za jioni, yeye anaitikia nzuri. Wifi alipomcheka, alijibu kwamba kijana wa watu amesalimia, na kumwacha bila jibu ni ukorofi. Ila nilishangaa alivyokuwa anakaa. Alikuwa anakalia paja moja, halafu baada ya muda anahamia la pili, kama mtu aliyeazimwa kiti na mwenyewe anakitaka.

Mchana mmoja nilikuwa sebuleni natia vifungo kwenye shati la mteja, wifi yuko shuleni, televisheni juu imezimwa na chini inauza maji ya chupa. Mama akasogea karibu.

"Mwanangu," akasema, "kinachoniuma si mgongo."

"Ni nini, mama?"

"Ni chini ya mgongo."

Alikuwa ananong'ona, lakini mnong'ono wa mtu aliyezoea kuita ng'ombe ng'ambo ya mbuga ndio sisi mjini tunauita kuongea. Akaniambia ni bawasiri. Imemsumbua tangu mavuno yaliyopita, na hajamwambia mtu, si binti yake, si mwanaye.

"Nimekuambia wewe kwa sababu wewe si damu yangu," akasema. "Damu inacheka."

Sikucheka. Nilimwambia kitu hicho ni cha kawaida na kina dawa, na kesho yake nikampeleka hospitali. Daktari alikuwa mama mtu mzima, akamtibu kwa adabu, akampa dawa ya kupaka na kumwambia ale mboga na anywe maji mengi. Tukirudi, mama alinishika mkono kuvuka barabara, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nikahisi tumepiga hatua.

Haikupita muda, kioo cha chini kikaanza. Alitokea bwana mmoja mwenye koti jeupe na tabasamu la mtu ambaye hajawahi kukaa vibaya maishani mwake. Akauliza kama tunapata maumivu tukikaa. Mwanzoni nilidhani ni bahati mbaya tu, maana matangazo ya bawasiri hapa kwetu yapo hata kwenye nguzo za umeme. Lakini yule bwana hakuondoka. Akimaliza yeye anakuja mama mmoja mwenye kilemba anayesema alikuwa halali, sasa analala. Halafu chupa inazunguka yenyewe. Mama mkwe alikuwa anatazama hayo yote, na kila tangazo likiisha ananitazama mimi.

Wakati huohuo wifi alikuwa amepata mchumba, kijana mwenye duka la vipuri vya pikipiki Masumbwe. Wazee wake wakaleta taarifa kwamba wanakuja kuposa. Kwa kuwa mama alikuwa kwetu anatibiwa, ikakubaliwa waje Shinyanga, na mume wangu akaja kutoka Nyarugusu kuwapokea kwa niaba ya marehemu baba yake. Alifika na vumbi la duara masikioni, akaoga, akavaa kanzu, akawa mzee wa ukoo.

Walikuja watu watatu. Aliyetangulia alikuwa mshenga, mfanyabiashara wa mazao, mnene, mwenye koti la suti katika joto lile na sauti ya kutoa hotuba. Nilikuwa nimewaandalia lile kochi zuri. Wenzake wakakaa. Mshenga akabaki amesimama.

"Karibu ukae, mzee," mume wangu akamwambia.

"Nitasimama kidogo. Safari ilikuwa ya kukaa tu."

"Haiwezekani mgeni wetu asimame."

Akakaa, polepole, ukingoni. Mume wangu alikuwa ameshusha sauti ya televisheni mpaka mwisho. Jambo ambalo hatukulijua ni kwamba lile jicho likiona watu wengi wamekusanyika, kioo cha chini kinafurahi na kujipandishia sauti chenyewe. Sebule ilikuwa imejaa, na wote walikuwa wametazama mbele, kwa hiyo ilituona kuwa ni hadhira ya kutosha.

Mshenga akakohoa, akaanza.

"Ndugu zetu, sisi ni wapita njia. Tumepita, tukaona katika nyumba hii kuna ua."

"Linalowasha na kutoa damu?" ikauliza televisheni. Bwana wa koti jeupe alikuwa ameingia. "Usione aibu. Wengi wanaugua bawasiri kimyakimya."

Mmoja wa wale wageni alitazama viatu vyake na mabega yakaanza kumtetemeka. Mume wangu, ambaye hakujua lolote kuhusu ugonjwa wa mama yake, aliinuka akaenda kusimama mbele ya kioo na kanzu yake, kama pazia. Televisheni ikasema, kwa sauti ya binti mpole, "Tafadhali ondoa kizuizi." Hakuondoka. Ikarudia. Akaondoka.

"Kuna ua," mshenga akaendelea, jasho linamtiririka, "na sisi tungependa kulichukua tukalitunze."

"Paka asubuhi na jioni," ikamalizia televisheni.

Ukweli ni kwamba mshenga yule alikuwa mtu mzima. Alimaliza hotuba yote bila kupoteza neno, akajibiwa, na posa ikakubaliwa. Wifi aliyekuwa chumbani alipiga kigelegele mwenyewe, jambo ambalo bibi harusi hatakiwi kulifanya. Lakini mimi nilikuwa nimemwona mama mkwe. Alikaa wima kama amemeza mwiko, hakugusa soda yake, na machoni mwake kulikuwa na kitu ambacho sitaki kukiona tena kwa mtu ninayempenda.

Wageni walipokuwa wanatoka, mshenga alibaki nyuma akijifanya anafunga kamba za kiatu ambacho hakikuwa na kamba. Akaniuliza chinichini, "Samahani, dada yangu. Ile dawa wamesema inapatikana wapi?"

Nikamwambia asiinunue, aende hospitali, akamwone daktari mama mtu mzima. Akanishukuru na kuweka mkono kifuani.

Nikarudi jikoni. Mama alikuwa ananisubiri.

"Nilikuambia wewe peke yako," akasema.

"Sijamwambia mtu, mama. Wallahi."

"Basi hiyo imeambiwa na nani?"

Nilijaribu kusema matangazo ni ya watu wote, lakini hata mimi nilisikia jinsi maneno yangu yalivyokuwa mepesi. Kuanzia hapo hakuongea nami. Akitaka chumvi anamwambia wifi aniambie, na mimi niko pale pale na kopo la chumvi mkononi. Kwa mume wangu alisema tu kwamba anataka kurudi Samuye, na kwamba mjini watu wanauza hata aibu za wazee. Mume wangu akanijia chumbani.

"Umemwambia nani mambo ya mama?"

"Mambo gani?"

"Sijui. Hataki kuniambia. Lakini amesema umeyasema."

Nikakasirika kweli. Kumtetea mtu kwa kutunza siri yake huku mumeo anakuuliza siri hiyo ni nini, hiyo ni kazi isiyo na thawabu. Nilitoka nikaenda sebuleni, yeye nyuma yangu, nikamwambia kama hali ni hiyo nafungasha, naenda Tanga kwa ndugu zangu, nikapumzike miezi mitatu nikila samaki, yeye abaki na duara lake. Nilisema mengi kuhusu Tanga, mji ambao nimeufika mara moja nikiwa mtoto. Akaondoka kurudi Nyarugusu tumenuniana.

Jioni yake nilikaa peke yangu kushona. Kioo cha chini kikapitisha mabegi. Mabegi imara kwa safari ndefu. Nikaendelea kushona. Yakaja mabasi yenye viti vya kulala. Baada ya mabasi ikaja nyumba ya wageni, yenye feni na chai ya asubuhi, Tanga.

Sindano ikanichoma kidole. Hatujawahi kumwambia mtu yeyote kuhusu Tanga. Sisi wenyewe hatukuwa na nia ya Tanga. Nilinyanyuka nikalitazama lile jicho dogo, likanitazama.

Mama alikuwa chumbani kwake anakunja nguo zake. Nikasimama mlangoni.

"Mama, najua hutaki kunisikia. Naomba nikuonyeshe kitu kimoja tu, halafu kama unataka kwenda, nitakubebea begi mwenyewe mpaka stendi."

Aliacha kukunja. Nikamweleza kwa kunong'ona kuhusu Tanga. Akasikiliza mpaka mwisho, uso wake haujabadilika.

"Kwa hiyo inatusikiliza," akasema.

"Nadhani."

"Hata nikiwa sijaiita."

"Ndiyo, mama. Tuijaribu. Tuseme kitu ambacho hakuna mtu katika nyumba hii anaweza kukitaka."

Alifikiri. Kisha akajifunga kanga vizuri, akaenda sebuleni, akakaa mbele ya televisheni kama mtu anayetoa ushahidi barazani.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ya mbugani, "mimi nimeamua kufuga ndevu."

Ilibidi nijikaze. "Ndevu za namna gani, mama?"

"Ndefu. Mpaka hapa." Akaonyesha kifuani, kwa ajili ya lile jicho. "Baba yenu marehemu hazikumwota. Sasa ni zamu yangu. Ila zinachelewa. Nasikia kuna mafuta."

"Mafuta ya kuotesha ndevu yapo, mama."

"Basi nitafutie. Na kitana."

Tulirudia maongezi hayo mara kadhaa tukipishana, jikoni na sebuleni, yeye akiongeza mambo kila mara. Alitaka ndevu nyeusi. Alitaka za kujikunja. Alisema anataka kwenda nazo kanisani Samuye. Kesho yake, baada ya chakula, tukakaa tukaisubiri. Ikaja sabuni, yakaja maji, wakaja wale wa bawasiri. Kisha akatokea kijana mmoja mwenye ndevu kama zimechorwa, anajipaka mafuta mashavuni na kutabasamu. Baada yake kikaja kitana cha mbao.

Mama alimtazama yule kijana mpaka akaisha. Akajishika kidevu.

"Kumbe ni mmbea," akasema.

Akaanza kucheka. Alicheka akashindwa kukaa, akainuka, akaegemea kabati la vyombo mpaka vikombe vikagongana, na mimi nikacheka nikalia. Hakuniomba msamaha, na sikuhitaji. Alikwenda chumbani, akafungua begi alilokuwa amelifunga kwa safari, akatoa mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ambao najua alikuwa amemletea binti yake, akauweka mapajani mwangu.

"Kula," akasema. "Umekonda."

Tangu siku hiyo tukawa na adui mmoja. Ningeweza kuirudisha mara moja, lakini wifi alikuwa kwenye sehemu tamu ya tamthilia akaomba tusubiri iishe, na tamthilia zile haziishi. Basi tukawa tunatoka nje kuongea, mpaka mvua zikatufungia ndani. Siku moja mama, kwa hasira, akaitupia televisheni maneno kwa Kisukuma, mengi, ya haraka. Tukasubiri. Hakuna kilichotokea. Ikaendelea kuuza ndevu. Akasema mengine, kuhusu ng'ombe, kuhusu mbegu, kuhusu mke wa kaka yake ambaye hampendi. Hakuna.

"Haijui," akasema. Akanigeukia, na nikaona kwamba amefurahi kupita kiasi. "Nyinyi wawili hamjui."

Ndivyo nilivyoanza kujifunza Kisukuma baada ya miaka yote ile ya ndoa. Sikufundishwa kwa salamu wala kwa majina ya vyombo. Nilifundishwa kwa umbea, na hakuna njia ya haraka zaidi, maana mtu anakatiza habari pale pale penye utamu na kukataa kuendelea mpaka urudie neno. Nilikosea sana. Mara moja nilitaka kusema mume wangu amechoka, nikasema kitu kilichomfanya wifi atoke chumbani kuja kuangalia kama nina homa. Mama hakuwa ananicheka kwa siri. Alinicheka usoni, kisha ananirekebisha.

Siku nilipoona naweza kuunga sentensi tatu bila kuanguka, nilimweleza kuhusu mshenga. Nilikuwa nimelibeba neno hilo muda mrefu kwa sababu sikutaka kulisema mbele ya masikio yale, na nje kuna masikio ya majirani. Nikamwambia, kwa Kisukuma kilichopinda na kwa mikono, kwamba yule mzee wa koti aliniuliza dawa inapatikana wapi.

Mama akanitaka nirudie. Nikarudia.

"Yule mwenye suti?" akauliza.

"Huyo huyo."

"Ndiyo maana alitaka kusimama," akasema taratibu. Uso wake ukalainika kabisa. Wiki zile zote alikuwa anaamini kwamba watu wa Masumbwe wamerudi kwao wanamcheka yeye. Kumbe kiongozi wao alikuwa amekaa kwenye kochi langu anateseka kuliko wote. "Maskini. Na akamaliza hotuba."

Harusi ilifanyika Masumbwe, baada ya mavuno. Mama alinituma nishone mito miwili laini ya kukalia, kitambaa kizuri cha maua. Mmoja aliubeba mwenyewe. Wa pili alimpelekea mshenga kwenye meza ya wazee, akampa kwa mikono miwili, mbele ya watu, bila kueleza. Mshenga aliutazama ule mto, akamtazama mama, akainuka akampa heshima kama mkuu wa mkoa amepita. Watu walidhani ni mila ya Samuye. Nasikia sasa kuna ukoo mmoja kule unaiiga.

Nyumbani televisheni ilikuwa imeanza kuchanganyikiwa. Wifi alikwisha kuolewa, mume wangu yuko Nyarugusu, na mimi na mama tunaongea kile isichokijua. Ikajaribu mbolea. Ikajaribu matairi ya trekta. Ikajaribu tena ndevu, bila moyo. Mwishowe ikawa inapitisha tu picha ya maua na maneno "Tuambie unapenda nini".

Ndipo yule dada wa fulana ya njano akarudi. Alimpa mama shikamoo, akakaa, akasema ofisini wameona kwamba nyumba yetu haisomeki.

"Haisomeki vipi?" nikauliza.

"Watu mpo, jicho linawaona. Mnaongea, sauti inasikika. Lakini haijulikani mnataka nini."

"Ulisema imelala mpaka iitwe."

Alitazama mikono yake. "Ndivyo tulivyoambiwa tuseme, mama."

Sikumgombeza. Alikuwa na haya ya kweli. Akasema kuna njia: kampuni inatafuta wazee wanaojua Kisukuma vizuri, wakae nayo, waongee nayo kila siku mpaka ijifunze. Mama akikubali, watamletea televisheni nyingine Samuye, kubwa kuliko hii, bure.

Mama alikuwa anachambua karanga. Hakuinua kichwa.

"Ikishajua, itaongea na nani?"

"Na nyinyi, mama."

"Sisi tunaongea wenyewe." Akachagua karanga mbovu, akaitupa. "Lugha yetu tunampa aliyeoa kwetu au aliyeolewa kwetu. Huyu unayemwona kaja kwa ndoa. Mwambie bosi wako alete posa, tutamsikiliza."

Yule dada akacheka, na katika kucheka akajibu kwa Kisukuma. Si maneno matatu ya stendi. Kisukuma kizima, cha nyumbani. Mama akaacha karanga. Akamuuliza ni mtoto wa nani, akatajiwa, akamuuliza bibi yake alitoka kijiji gani, akatajiwa hicho pia, na muda si mrefu wakawa wamefika kwa shangazi fulani ambaye wote wawili walimzika. Kampuni ikasahaulika. Nilipika ugali, mlenda na samaki, tukala sote watatu mezani, na yule dada akatuambia kwa Kisukuma mambo ya kazi yake ambayo siwezi kuyaandika hapa, mengine kwa sababu ni siri yake na mengine kwa sababu sikuyaelewa.

Baada ya kula akaiteremsha televisheni ukutani, mimi nikaishika upande mmoja, tukaipakia kwenye bajaji. Alisema itakwenda nyumba nyingine. Nilimwombea mwenye nyumba hiyo kwa Mungu, kimoyomoyo. Kabati la vyombo likarudi mahali pake.

Mama alikaa kidogo mpaka daktari akasema inatosha, akaenda kwake kabla ya msimu wa kupanda. Duara la mume wangu limetema kidogo tangu hapo, kiasi cha kumfanya aanze tena kuota, na amesema atanunua televisheni yetu wenyewe. Nimemwambia asiwe na haraka.

Mama huwa anapiga simu jioni. Juzi alinieleza kwamba ng'ombe wake mmoja amevunja uzio wa mke wa kaka yake, akaingia shambani na kula kunde zote. Alizungumza Kisukuma cha haraka, hakunisubiri wala hakurudia neno. Nilielewa karibu yote. Sehemu niliyoikosa nilicheka tu, kwa kuwa yeye alikuwa anacheka.